Niliwapeleka vijana wanne kupimwa hatari ya kuumia, nyota tatu kwa tano

Assalaam alaykum, wazazi wengi wameniuliza kuhusu ile huduma ya kupima vijana wa basketi kabla hawajaenda kwenye majaribio bara, nikaona bora niandike mara moja kuliko kila siku nnaeleza upya kwenye simu. Mie ni kocha wa kujitolea, nina vijana wa miaka 13 mpaka 17, tunacheza kwenye kiwanja cha simenti kuanzia alasiri mpaka magharibi, na mwezi wa kumi niliwachukua wanne, mmoja wao mtoto wa dada yangu, nikawapeleka kituo kimoja cha mazoezi ya viungo hapa hapa Unguja. Jina siliandiki, kuna jambo limetuuma na nimeshalizungumza nao wenyewe. Bei elfu 40 kwa kijana, saa moja na nusu kila mmoja, mwisho mnapewa pepa ya majibu. Vipimo vyenyewe ningevipa nyota tano, pepa ndo imeniharibia hesabu.

Nianze na vipimo maana yule bibie anaepima anaijua kazi yake mashaallah. Kuna kimoja anamsimamisha mtoto mbele ya ukuta, kidole gumba kiko mbali kidogo na ukuta, anamwambia pinda goti mpaka liguse ukuta lakini kisigino kibakie chini, halafu anamrudisha nyuma sentimita moja moja huku futi imelazwa sakafuni. Kijana wangu mrefu kuliko wote, ana miaka 15 na urefu wa mita 1.93, mguu wa kushoto akafika sentimita 11 bila ya tabu. Wa kulia alipofika 7 bibie akamwambia "mwanangu, kisigino kimenyanyuka", mtoto anasema "hakijanyanyuka dokta", yule dada hakubishana, akachukua karatasi akaipitisha chini ya kisigino ikatokezea upande wa pili. Wakarudi mpaka 6. Kifundo cha mguu kimekaza, na kifundo kikikaza mtu akitua kutoka juu ule uzito hautulii pale chini, unapanda kwenye goti. Miaka mitatu nnamfundisha yule kijana na sikuwahi kuliona hilo, nnaona tu anaruka.

Chengine wanawarusha kutoka kwenye kiboksi cha sentimita 30 na kuwarekodi kwa simu, video inachezwa polepole. Msichana wangu mmoja, mchezaji mzuri khasa, akitua magoti yake yanakuja ndani mpaka yanakaribia kugusana. Hili wenye watoto wa kike mlichukulie kwa uzito, wasichana wanaocheza basketi wanakatika ile ligamenti ya ACL ya katikati ya goti zaidi kuliko wavulana, na mara nyingi hata hawajaguswa na mtu, ni kutua tu au kugeuka ghafla. Lakini kutua kunafundishika. Bibie alimfundisha pale pale, tua laini, goti liangalie kidole, kalia matako nyuma kidogo, na video ya pili ilikuwa tafauti na ya kwanza ndani ya dakika kumi. Kwangu mie hiyo peke yake inatosha elfu 40.

Mpwa wangu nae alikuwa analalamika goti tangu mfungo, ana kinundu kigumu chini ya pia ya goti, ukikigusa anaruka. Mie nilikuwa nnamwambia acha uvivu kimbia, na nimemuomba radhi. Kumbe ni ule ugonjwa wa watoto wanaorefuka haraka, madaktari wanauita Osgood-Schlatter, mfupa unakwenda mbio na msuli wa paja unabaki nyuma umekaza, basi kila akiruka ile kano inavuta pale mahali pa mfupa ambapo bado hapajakomaa. Sio goti bovu na wala hatoachishwa mpira, anapunguziwa kuruka, ananyoosha paja, akimaliza kurefuka kwa kawaida maumivu yanaondoka. Mtoto wa miaka 13 hivi alierefuka ghafla, kumpima leo ukasema ana mwili wa kuumia umemuonea, yuko njiani bado.

Sasa nije kwenye lililotuuma. Ile pepa ya majibu ina rangi juu, kijani, manjano au nyekundu, kwa herufi kubwa hatari ndogo, hatari ya wastani, hatari kubwa. Kijana wangu mrefu alipoulizwa umewahi kuumia akasema kweli, kifundo cha kulia kimeteguka mara mbili, mara ya mwisho mwaka jana. Akapewa nyekundu. Mwengine ana miaka 16, alipoulizwa suala lile lile akasema hapana, sijaumia. Akapewa kijani. Tumo kwenye daladala tunarudi ndo ananambia, mwalimu si nilianguka kule skuli mwezi wa saba, bibi akanichua na mafuta ya makonyo wiki nzima, nikapona. Nikamuuliza mbona hukusema, akanambia "dokta kauliza kama nimeumia, hakuuliza kama nimechuliwa." Na wala hakuwa anadanganya. Kwa watoto wetu kuumia ni kuvunjika, ni kwenda Mnazi Mmoja kupigwa picha. Kuteguka ukachuliwa nyumbani kwao sio kuumia. Wiki tatu baadae kifundo kile kile alichochuliwa kikateguka tena, kwenye mazoezi, kijani mkononi.

Na jeraha la nyuma ndo dalili kubwa kuliko zote kwamba mtu ataumia tena, kifundo khasa, ambacho kwenye basketi ndo kinaongoza kwa kuumia. Kwa hiyo kitu cha thamani kuliko vyote kwenye saa ile moja na nusu kilikuwa mdomoni mwa mtoto, na kiliulizwa kwa sentensi moja mtu akiwa anafunga kamba za viatu. Hawakuuliza pia anacheza mara ngapi. Nilikaa na yule wa miaka 16 barazani tukahesabu, timu ya skuli siku mbili, kwangu siku tatu, Ijumaa jioni mtaani, Jumapili mabonanza, hakuna siku anayopumzika. Hayo hakuna futi ya ukutani itakayokwambia.

Pepa ile nyekundu ikaenda bara pamoja na fomu zake. Waliokuwa wanachagua, ambao pia siwataji, walimrudisha kwa ujumbe mfupi kwamba ana hatari kubwa ya kuumia. Hakukimbia hata hatua moja mbele yao. Alipoambiwa alinyamaza, halafu akaniuliza, "mwalimu, ningesema sijaumia ningechukuliwa?" Sikuwa na jawabu la kumpa. Wenzake wote wamelisikia suala lile, na nnaogopa mwakani hakuna hata mmoja atakaesema kweli akiulizwa.

Nikawaandikia kituo na nikawapa mifano ya watu wenye madaktari bora duniani. Portland, timu ya NBA, ligi kuu ya basketi ya Marekani, walimchukua Greg Oden wa kwanza kwenye drafti ya 2007, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Kevin Durant aliekuja kuwa nyota mkubwa akaenda wa pili, na goti la Oden likafanyiwa operesheni hata mechi moja ya ligi hajacheza, muda wake wote Portland alicheza mechi 82 basi. Halafu drafti ya 2009, ile ambayo Hasheem Thabeet wetu alichukuliwa namba 2, kulikuwa na DeJuan Blair ambae hana ACL kwenye magoti yote mawili, timu zikamuogopa akateremka mpaka namba 37, San Antonio wakamchukua, na msimu wake wa kwanza tu akacheza mechi zote 82. Joel Embiid wa Kameruni mwaka 2014 alikuwa na ufa kwenye mfupa wa unyayo, Philadelphia wakamchukua namba 3 hivyo hivyo, akakaa nje misimu miwili mizima, na 2023 akawa MVP, yaani mchezaji bora wa msimu. Simaanishi vipimo havina maana, Philadelphia waliujua ule ufa na wakakubali kusubiri. Ndo ninachokitaka kwa kijana wangu. Andika kifundo cha kulia sentimita 6, kimeteguka mara mbili, afanye hivi kwa wiki nane apimwe tena. Mtu akisoma vile anajua la kufanya. Akisoma nyekundu anajua kukataa tu.

Mkuu wao kanijibu kwa adabu, kasema rangi waliiweka ili wazazi wafahamu upesi. Nia nnaiamini, lakini pepa haibaki kwa mzazi.

Jengine dogo kwa maneno ila sio dogo kwa uzito, moyo hawakuuliza. Kijana mrefu sana mwenye mikono na vidole virefu kupita kawaida aulizwe kama kuna mtu kwao kafa ghafla akiwa kijana, na apelekwe kwa daktari wa moyo. Mwaka huo huo wa 2014 Isaiah Austin wa Baylor, chuo kikuu cha Marekani, alikutwa na tatizo la Marfan siku chache kabla ya drafti, ugonjwa unaoweza kudhoofisha ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, na lilionekana kwa sababu walipima. Goti likikatika mtu anaishi.

Kijana wangu anaendelea, kila siku kabla ya mazoezi anasimama mguu mmoja wa kulia huku mwenzake anamrushia mpira, na anapinda goti kwenye ukuta wa nyumba yao, mama yake kampigia mstari kwa chaki. Wiki iliyopita kafika 9, kisigino kiko chini, nimepitisha karatasi mwenyewe.

Mkienda, nendeni asubuhi kabla hapajajaa, mtoto avae kaptula. Kaeni nae usiku kabla muandike kila alipowahi kuchuliwa, kufungwa bendeji au kuchechemea zaidi ya siku mbili, muulizeni na bibi yake maana yeye ndo anaekumbuka. Ombeni namba za vipimo mpewe kwenye karatasi mbali, ile ya rangi iacheni kabatini. Na achukue viatu vile vile anavyochezea kila siku, mpwa wangu aliazima vipya vya binamu yake na vile vyake vilivyolika soli upande mmoja hakuna aliyeviona.