Sindano za mianzi jozi 18: miezi minne ya kufuma nazo hapa Mtwara

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo niko barazani kwetu Shangani, kusi inavuma, kwa hiyo mkisikia upepo kwenye sauti mniwie radhi.

Mmeniuliza sana kuhusu hizi sindano, na sikutaka kuzizungumzia kabla sijazifumia vya kutosha. Hizi hapa. Jozi 18, kila jozi imeungwa kwa mrija mwembamba wa plastiki, na urefu wote kutoka ncha hadi ncha ni sentimita 80. Nyembamba kabisa ni milimita 2, nene kabisa milimita 10. Zimenigharimu shilingi 35,000 pamoja na kuletewa kutoka Dar.

Mimi nimekulia kwenye kroshia, vile vitambaa vya makochi tulivyofundishwa na mama zetu. Kwenye kroshia unashughulika na kitanzi kimoja, ukikimaliza unaenda kingine. Huku vitanzi vyote unavibeba sindanoni, na kimoja kikichoropoka kinashuka mstari kwa mstari mpaka chini. Kuna mzee wa hapa jirani anafuma nyavu, alinitazama siku moja akasema, "Mwanangu, mbona hupigi fundo?" Ameona jambo la msingi kabisa. Wavu una fundo kwenye kila jicho, ukikatika hapa, pale pengine panabaki salama. Sweta ni uzi uliopita kitanzi ndani ya kitanzi, vuta mwisho wake na kazi yote inafumuka.

Ndiyo maana nawashauri mnaoanza mchukue mianzi. Sindano za alumini nilianza nazo, zinateleza mno, vitanzi vinakimbia kabla hujajua umekosea wapi. Na joto letu hili, vidole vikishalowa jasho, huishiki vizuri. Mwanzi unakishika kitanzi. Ila nao hapa pwani una shida yake: ukikaa na jasho na unyevu unakuwa mzito, uzi hautembei. Mimi nausugua na nta ya mshumaa kidogo sana, halafu naufuta kwa kitambaa kikavu mpaka ung'ae. Unarudi vizuri.

Sasa niwaonyeshe kwa nini jozi nyingi zina maana. Hii kofia nimemfumia mtoto wa wifi yangu, yuko Newala, kule juu uwandani, asubuhi za Juni na Julai si za mchezo kwa mtoto mchanga. Maelezo ya kofia yalisema vitanzi 72, sindano ya milimita 4, na kwamba kipande cha sentimita 10 kiwe na vitanzi 22. Ukipiga hesabu, mzunguko unatoka kama sentimita 33, na kofia inavutika, kwa hiyo inakaa sawa kichwani. Nikafuma kipande cha majaribio, nikakilaza mezani, nikaweka rula. Vitanzi 20. Mkono wangu umelegea. Vitanzi viwili tu, utasema ni kitu gani? Lakini 72 kwa mkono huo inatoka sentimita 36, kofia inamfunika mtoto macho! Nikashuka kwenye sindano ya milimita 3.5, nikapima tena, 22 kamili. Ningekuwa na jozi moja tu, ningefanya nini? Jamani, fumeni kile kipande cha majaribio, msikiruke.

Lakini sentimita 80 ni ndefu kwa kofia ya mtoto. Inabidi uuvute mrija utokee katikati ya vitanzi kama kishikio, ufume nusu, uugeuze, ufume nusu nyingine. Mrija wa hizi ni mgumu na unakuja umejikunja. Uloweke kwenye maji ya moto dakika chache, mwanzi ubaki nje, kisha uunyooshe.

Ubaya wake mkubwa uko hapa, sogeeni muone. Mahali mwanzi unapokutana na mrija pana kikingo, uzi unakwama, hasa uzi mwembamba wa pamba. Jozi nne nimezipiga msasa laini, tatu zimekubali. Na ile ya milimita 2 imevunjika wiki ya kwanza, mkononi, bila kuikalia wala kuiangusha. Nilimwandikia muuzaji, hajajibu mpaka leo. Kwa hiyo zile nyembamba kabisa msizitegemee.

Kazi niliyonayo sasa ni hii sweta yenye misuko kifuani, kama nywele za kusuka. Vitanzi sita, unaviweka vitatu pembeni kwenye kijiti, unafuma vitatu vya mbele, ndipo unavirudia vile vya pembeni. Nimefumua mara tatu, lakini sikurudi mwanzo hata mara moja, kwa sababu ya huu hapa: mshipi mwembamba wa kuvulia. Nikifika mstari ambao nina uhakika nao, naupitisha ndani ya vitanzi vyote kwa sindano ya mkono, nauacha humohumo. Nikikosea huko mbele nafumua mpaka kwenye mshipi, vitanzi vyangu vyote vimekaa, havijapotea.

Nikimaliza hii naingia kwenye soksi. Kisigino ndicho kinachoninyima usingizi, na kwa soksi nahitaji sindano nyembamba ambazo hazivunjiki. Aliyefuma soksi kwa chuma aniandikie hapo chini ametumia milimita ngapi.