Hadubini ya kioo nayo inasubiri umeme?

Nianze na kitunguu. Siku moja kabla ya safari niliwachorea watoto wangu wa darasa la tano seli za kitunguu ubaoni, nikawaambia kesho mtaziona wenyewe, zimepangana kama matofali, kila moja na kidoa chake katikati. Nikabeba kitunguu, wembe mpya na kichupa cha iodini. Mimi mwenyewe nilimaliza kidato cha nne hadubini nikiijua kwa picha tu, kwa hiyo usiku ule usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu.

Tulikwenda chuo kimoja cha ualimu mkoani kwetu, jina silitaji. Ilikuwa masika, wiki gani sikumbuki. Wana chumba cha sayansi ambacho shule za jirani zinakaribishwa kujifunza kwa vitendo. Kwa vitendo! Ndivyo barua yao ilivyosema. Tulilipa sh. 2,000 kila mtoto, watoto 14, tukapewa risiti yenye mhuri.

Tukaingia. Msimamizi akatunyooshea kidole tusivuke meza ya kwanza.

"Wasiguse kitu. Hivi ni vifaa vya serikali, siyo midoli."

Sawa. Nikauliza hadubini. "Umeme hakuna tangu asubuhi." Nikatazama dirishani: mvua imekatika, jua linaumiza macho. Nikatazama kabatini: nyuma ya zile mpya zenye waya zilikuwapo tatu za zamani, zile zenye kioo cha duara kwa chini.

"Kaka, hizo za kioo hazitaki umeme. Tukiweka moja hapo dirishani..."

"Dada, naomba tusifundishane kazi."

Mbele ya wanafunzi wangu! Kioo kile kazi yake ni hiyo hiyo moja, kudaka mwanga wa dirishani na kuupandisha hadi kwenye lenzi. Robert Hooke, yule mwanasayansi wa Uingereza aliyeziona seli kwa hadubini, alichapisha habari zake mwaka 1665. Yeye luku alinunua wapi? Mtoto mmoja akanivuta gauni: "Mwalimu, kitunguu tutakiona saa ngapi?" Sikumjibu. Ningejibu nini?

Hapo ndipo nilipoapa kuwaambia watu wasikanyage pale, na leo ningeishia hapo. Tatizo ni yule mzee wa bustani.

Alikuwa anapalilia nyuma ya jengo, akatuona tumenuna. "Wajukuu, njooni muone anayejifanya amekufa." Kifauongo. Wakakigusa, majani yakajikunja, zikapigwa kelele, halafu wakachuchumaa kukisubiri kifufuke. Kisha akaokota jongoo aliyejiviringisha, akamlaza kiganjani mpaka akajinyoosha, akawataka wahesabu miguu ya pingili moja. Ukazuka ubishi. Miwili? Minne? Ni minne, ukiacha zile pingili chache za mwanzo. Mwenye miwili ni tandu. Hilo nimelifundisha miaka bila kumshika jongoo hata mmoja. Siku ile nilimshika, na vidole vikabaki na madoa ya njano ambayo sabuni ya mche haikuyaweza.

Chini ya upenu, kwenye mchanga mkavu, akawaonyesha vile vishimo vya mdudu anayetembea kinyumenyume. Akadondosha sisimizi. Sisimizi akapanda, akateleza, akapanda tena, mchanga ukarushwa kutoka chini, akavutwa. Watoto 14, kimya. Wanaofundisha darasa la tano wanajua hicho ni kitu gani.

Dakika 40 hivi, bure, na bustani yenyewe barua haikuitaja hata kwa neno moja.

Kwa hiyo nendeni. Hapana, ngojeni kwanza. Nendeni bustanini, mle ndani pitieni mbali. Nimekuja kuambiwa kwamba lenzi ikivunjika yule bwana hukatwa mshahara, na kama ni kweli basi labda hata mimi ningefunga kabati. Labda. Lakini kumjibu mtu vizuri kunavunja lenzi gani? Na kadiri ninavyoandika ndivyo hasira inavyopanda upya: sh. 28,000, michango ya wazazi wanaouza mchicha, na risiti imeandikwa "huduma ya maabara". Mzee nilimpa 5,000 ya mfukoni mwangu, akaikataa mara mbili kabla ya kupokea.

Kitunguu nilirudi nacho nyumbani. Kiliingia kwenye dagaa jioni ile ile.