Yamaha C40 baada ya miezi saba, na ile gita ya kwanza iliyotaka kunikatisha tamaa

Wiki hii watu watatu wa kwaya yetu wameniuliza wanunue gita gani ya kuanza, na kila mmoja tayari ashaona moja nyeusi inang'aa hapo tao, anangoja tu niseme sawa. Siwezi sema sawa, mimi mwenyewe nilianza na kama hiyo.

Mwaka jana nilishuka barabara ya Tom Mboya hapa Nairobi nikaingia duka moja, nikamwambia kijana nataka gita ya mtu anajifunza, akanitolea ya inchi 38, nyuzi za chuma, pamoja na begi, mshipi, piki mbili za kuchapia nyuzi na seti moja ya nyuzi za ziada, yote elfu sita mia tano. Hakuityuni, hakuipiga hata mara moja, na mimi sikujua kumwambia aipige. Nikatuma M-Pesa, nikapanda matatu ya Umoja nimeikumbatia njia yote. Kufika wiki ya tatu ncha za vidole vya kushoto zimechanika, kordi ya F haitoki kabisa, nyuzi mbili zinalia zingine nne zimekufa, nikarudi dukani kuuliza nikaambiwa "utazoea madam, kila mtu huanza hivyo." Nikaamini. Karibu miezi miwili nikawa najua tu mikono yangu ni midogo na muziki wa gita haukuwekwa kwa ajili yangu, na hiyo ndio huniuma nikikumbuka kuliko hata pesa.

Mjomba ndiye alinitoa hapo. Yeye ni mtu wa omutibo, ule mtindo wa kwetu magharibi wa kudonoa nyuzi na kidole gumba na cha shahada huku mwenzako anakwaruza chupa ya Fanta, na alikuja Nairobi kwa mambo ya hospitali akaiona imeegemea ukuta. Akaishika dakika moja akairudisha. "Mama, hizi nyuzi ni za kuanika nguo." Akaitisha rula ya shule ya kijana wangu, akaisimamisha juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), akaniambia njoo uone mwenyewe. Kutoka freti mpaka uzi mnene ilikuwa milimita 5 na nusu. Kwa gita ya nyuzi za chuma ikipita 3 hapo, mtu anayeanza anaumia bure, kila kordi anainunua kwa nguvu ambayo hangehitaji.

Basi nikaipeleka kwa fundi upande wa River Road. Alegeza nyuzi, akachomoa kile kijipande cheupe kinachobeba nyuzi pale kwa briji, ule mbao uliobandikwa kwa mwili wa gita mahali nyuzi zinafungwa, akakipiga laini na penseli, akakisugua upande wa chini kwa msasa uliobandikwa kwa kioo, anapima, anasugua tena, halafu akaingiza ile spana ya L kwa tundu la shingo akakaza kidogo kile chuma kinachonyoosha shingo. Dakika arobaini, elfu moja mia tano. F ikatoka siku hiyo hiyo! Nilikaa kwa benchi ya yule fundi nikiirudia na machozi yananilenga. Kwa hivyo kama tayari ulinunua ya bei ya chini usiitupe, tafuta fundi kwanza.

Lakini kuna kitu fundi hawezi rekebisha kwa pesa hiyo, ni freti au briji kama zimewekwa mahali si pake. Piga uzi ukiwa wazi, halafu finya freti ya 12 upige tena, inafaa iwe noti ile ile, imepanda tu oktava moja, na programu ya kutyuni kwa simu itakuonyesha. Yangu ilikuwa inapitiliza, kordi za huku chini sawa, ukipanda shingo kila kitu kinasikika kimepinda.

Ndio nikaingia kwa C40. Nilipata ya mkono wa pili kule Lang'ata, elfu kumi na nne, jamaa alikuwa anahama. Kabla ya kulipa nilifanya vitu viwili mjomba alinifunza kwa simu, kuiangalia shingo kutoka kichwani kama vile seremala huangalia mbao, na kujaribu kupitisha karatasi chini ya briji. Karatasi ikiingia, briji inaanza kung'oka, achana nayo.

Hii ni gita ya klasiki, nyuzi za nailoni, na hapo ndipo raha ya vidole iko. Nyuzi za chuma za kawaida zote sita huvuta kama kilo 70, za nailoni karibu 40, utajua tofauti siku ya kwanza. Naweza fanya mazoezi saa nzima usiku, sauti ni ya upole, jirani hajawahi gonga ukuta. Sasa ujue pia hii: shingo ni pana, milimita 52 pale juu, wakati zile za chuma huwa kama 43, kwa hivyo kudonoa ni rahisi maana nyuzi zimeachana, lakini bare, yaani kufinya nyuzi zote kwa kidole kimoja, na vidole vifupi utaitafuta. Haina kifungo cha mshipi, unapiga umekaa. Kwa ibada yenye ngoma na kibodi hutasikika bila maiki. Na ukiweka nyuzi mpya zitanyooka wiki nzima, unatyuni kila baada ya wimbo, hiyo ni tabia ya nailoni si ubovu. Tafadhali, mtu asikushauri uifunge nyuzi za chuma ndio ilie kwa nguvu, ule mvuto utang'oa briji.

Mjomba aliipiga Krismasi akasema mkono wake umefurahi ila omutibo unataka ule ukali wa chuma. Ni kweli. Kama roho yako iko kwa omutibo, benga, au kuchapa kordi za sifa, chukua ya chuma saizi kamili, mwenzangu ana Yamaha F310 na ni ya kutegemewa, lakini hata hiyo ipime kwanza. Kama bado hujui unapenda nini na unaogopa vidole, C40, bila wasiwasi.

Wale watatu tumekubaliana Jumamosi saa nne hapo Archives, tuzunguke pamoja. Rula nabeba mimi.