Chui wa Rangi ya Kung'aa

Picha niliyoinunua mwezi uliopita katika duka dogo la sanaa hapa Dar es Salaam ni ya chui aliyejilaza juu ya tawi, yenye sentimita 60 kila upande, nami niliichukua kwa shilingi 90,000. Imechorwa kwa mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, alipokuwa akichora juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi ya kung'aa iliyozoeleka kupakwa baiskeli. Wengi wetu huziona picha hizi kuwa mapambo ya kuwauzia watalii, na kwa sababu hiyo huzipita bila kuzitazama.

Rangi hiyo ina tabia yake. Ikishapakwa hujitandaza na kujisawazisha yenyewe kabla ya kukauka, kwa hiyo anayetafuta michirizi ya brashi iliyotuna hataiona. Mkono wa mchoraji hujulikana kwenye kingo za mstari. Kila unywele wa sharubu za chui huyu umevutwa mara moja tu, ukianza mnene karibu na pua na kuishia kama uzi, wala hakuna mahali ambapo brashi ilirudi kusahihisha. Madoa ya mgongoni ni mapana na yana uwazi katikati, ilhali ya miguuni ni meusi tititi, madogo na yamebanana, hivi kwamba mwili umepata mviringo ingawa hakuna kivuli kilichochorwa. Ukipitisha kidole taratibu (muuzaji hakupendezwa nilipofanya hivyo) utahisi madoa yameinuka kidogo juu ya manjano, ishara kwamba tabaka la chini liliachwa likauke sawasawa. Kwenye picha ya pundamilia iliyotundikwa kando yake, subira hiyo ilikosekana: weusi wa milia ulikuwa umetambaa ndani ya weupe na kuacha kijivu kichafu.

Mandhari ya nyuma, ya rangi ya chungwa inayoiva kuwa nyekundu, yanapendeza bila kushangaza.

Udhaifu uko kwenye kitambaa. Ni pamba nyepesi iliyopakwa rangi ya msingi kwa ubahili, na ukiiinua mbele ya dirisha unaona mwanga ukipenya kwenye matundu kati ya nyuzi zake. Aidha, muuzaji aliiviringisha uso ukiwa ndani, akaibana kwa mpira, nami nilipoifungua nyumbani nilikuta ufa mwembamba chini ya tumbo la chui. Rangi ya kung'aa ikikauka huwa ngumu. Picha ikilazimika kuviringishwa, uso wenye rangi hukaa nje, juu ya bomba nene.

Kwa kazi ya brashi bei ni halali kabisa. Nikirudi, hata hivyo, nitachagua iliyokwisha kuwambwa kwenye fremu, hata ikinibidi kuipakata ndani ya daladala hadi Tabata.