Kupimwa presha Mwaloni Kirumba: uzoefu wangu na shirika la afya ya moyo

Nauza kayabo (sangara wa chumvi) na dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na presha yangu iligundulika hapo hapo sokoni, chini ya turubai la shirika moja la hisani linaloshughulika na afya ya moyo. Tangu hapo nimekuwa mteja wao wa kudumu, kwa hiyo naweza kusema wapi wanafanya vizuri na wapi bado. Naandika kwa sababu wenzangu wengi wanapita pembeni wakidhani ni wale wauza virutubisho wanaokushikisha kimashine, wanakutajia magonjwa mwili mzima, halafu wanakuuzia kopo. Hawa hawauzi kitu.

Nianze na upimaji wenyewe, maana hapo ndipo nilipoona tofauti. Nimepimwa presha sehemu nyingi: umetoka kupanda mlima, hujakaa sawasawa, mkanda unafungwa juu ya sweta, muda si muda unaambiwa "ipo juu kidogo mama, punguza mawazo." Hapa unafika, shikamoo mama, marahaba, unapewa kiti chenye egemeo na unaachwa upumzike kama dakika tano. Miguu yote chini, hakuna kukunja nne. Mkono wazi juu ya meza, usawa wa moyo. Hakuna kuongea. Ukiwa na mkojo unaelekezwa chooni kwanza, kwa sababu kibofu kikijaa presha nayo inapanda. Ukiwa umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara unasubiri nusu saa. Wanapima mara mbili na wanakuonyesha namba zote, hawaandiki kimya kimya.

Siku moja mbele yangu kulikuwa na mpagazi, mwanaume wa mikono minene kwa kubeba magunia. Muuguzi alimpima, ikaja 152 kwa juu. Hakuandika. Aliushika ule mkanda, akautazama, akauvua, akapekua boksi mpaka akapata mpana zaidi. Kipimo kikaja 138. Akatueleza sote tuliokuwa kwenye foleni kwamba mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Mimi hapo ndipo nilipoanza kuwaamini kabisa.

Yangu ilikuwa 162 kwa 98. Sikuwa naumwa kichwa, sikuwa na kizunguzungu, nilikuwa nimetoka kupanga mzigo nikiwa na nguvu zangu zote. Muuguzi aliniambia ndivyo ilivyo kwa wengi, na kweli Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya kupanda hawajui kama wanayo. Lakini hakuniambia siku ile ile kwamba mimi ni mgonjwa. Alinipa kadi, akanitaka nirudi siku nyingine wapime tena, na ilipobaki juu ya 140 kwa 90 ndipo akaniandikia barua ya kwenda kituo cha afya.

Huko kituoni mambo hayakuwa mazuri hivyo. Kadi ya shirika hakuna aliyeitambua, barua ikawekwa pembeni, nikafungua faili upya na kuanza foleni kama mtu aliyetoka nyumbani asubuhi ile. Dawa nilinunua mwenyewe. Mtu mwenye kibanda chake cha kuangalia angeshageuza. Shirika linapaswa kukaa na vituo linakotuelekeza, wakubaliane, kadi iwe na maana. Kumgundua mtu kisha kumwacha ajitafutie njia ni kazi ya nusu.

Ila kuna jambo wanalifanya ambalo sijaliona kwingine. Wanapiga simu. Nilianzishiwa dawa ya presha iitwayo amlodipini, na baada ya muda miguu ikaanza kuvimba kwenye vifundo. Kwa kazi ya kusimama kutwa, ukiona miguu imevimba unajua dawa imekukataa, na pale sokoni kila mtu alikuwa na ushauri: acha, kunywa maji ya majani fulani, dawa za presha ukizianza umekwisha. Nilikuwa karibu kuziacha. Binti wa shirika akapiga kuulizia hali, nikamweleza. Akasema, "Mama, usiache. Kuvimba miguu kunajulikana kwa dawa hiyo. Rudi kwa daktari umwambie, atakubadilishia." Nikarudi, nikabadilishiwa, uvimbe ukaisha, na presha sasa iko chini ya 140. Mama yangu mdogo aliacha dawa zake alipojisikia nafuu na alipata kiharusi. Kwake hakuna aliyepiga simu. Kwa hiyo nikiulizwa shirika hili lina faida gani, nataja simu ile kabla ya mashine.

Sasa ushauri wa chakula. Hapa wana la kurekebisha. Kipeperushi chao kinasema usiongeze chumvi mezani, na kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Sawa. Lakini chumvi yetu huku haipo mezani, ipo ndani ya samaki. Kayabo ni sangara aliyepasuliwa akalazwa kwenye chumvi mpaka akakauka, mimi ndiye ninayemuuza, najua kinachoingia mle. Halafu kuna magadi tunayotia kwenye maharage na mlenda, nayo yana sodiamu ile ile inayosumbua kwenye chumvi, na mtu anakula akisema chumvi ameacha. Kipeperushi hakigusi hata kimoja. Nilimwambia mshauri wao, akaniomba nieleze tunavyopika. Nikamwambia: kayabo mloweke usiku, mwaga maji, mloweke tena, mwaga, na ukimuunga na nyanya usitie chumvi kabisa. Wiki iliyofuata nilimsikia akiwafundisha wengine vivyo hivyo. Hilo lilinifurahisha sana. Kipeperushi lakini bado ni kile kile.

Wanakwenda pia shuleni kuzungumzia mafindofindo. Mwanzoni sikuona uhusiano na moyo. Kumbe mtoto mwenye maambukizi ya koo yasiyotibiwa anaweza kupata homa ya baridi yabisi, nayo ikaharibu valvu, yaani milango ya moyo, na hapo safari inakuwa ya kupanda hospitali ya Bugando kufanya eko, kile kipimo cha picha ya moyo, na wengine mpaka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Dawa ya koo ni rahisi mno ukilinganisha na hayo yote.

Kuhusu fedha, niliuliza, wakasema ni michango. Uingereza kuna shirika la namna hiyo, British Heart Foundation, lililoanzishwa 1961, na sehemu ya fedha zake linazipata kwa kuuza mitumba kwenye maduka yake lenyewe. Sisi wa Mwaloni tunaoijua biashara tungeweza kuwasaidia hawa kwa njia hiyo, na nimeshawaambia viongozi wa soko.

Malalamiko yangu ya mwisho ni muda. Turubai linafunguliwa saa nne asubuhi, wakati wavuvi wa dagaa wamerudi kutoka ziwani na wamelala. Hao ndio wanaokesha usiku kucha, wanavuta sigara kufukuza baridi, na sijawahi kumwona hata mmoja kwenye kile kiti. Waje wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, wanaume wako mwaloni mchana wanashona nyavu. Hapo watawapima wote.

Kwa anayetaka kwenda: vaa nguo ya mikono mifupi au inayopandishika, beba dawa zako zote hata za kienyeji uwaonyeshe, na acha namba ya simu inayopatikana. Tarehe 29 Septemba, Siku ya Moyo Duniani, foleni huwa ndefu sana na hawana muda wa kukusikiliza. Nenda siku ya kawaida.