Wivingi ya kushona, ya gundi, krosheti na tepu: nilivyozipima siku ya kufumua

Saluni nyingi zitakuuliza unataka urefu gani na rangi gani. Mimi naanza na swali la kutoa: hiki kinachoshika nywele yangu kitaachiaje? Nywele nyingi tunazosema zimeharibiwa na wivingi hukatika siku ya kufumua, tena ndani ya nusu saa ya haraka. Nywele zangu ni za kipilipili, hazina dawa, kwa hiyo hukumu zangu zipimeni kwa nywele za aina hiyo.

Wivingi ya kushona bado ndiyo ninayoiamini zaidi, ila inategemea sana msingi. Kwanza zinasukwa twende kilioni nyembamba na bapa, kisha mkanda wa wivingi, yaani utepe wenye nywele bandia zilizoning'inia, unashonewa juu yake kwa uzi wa nailoni na sindano iliyopinda. Sindano ipite chini ya mstari mzima. Ikipita katikati ya mstari, uzi unabana nywele chache tu na hizo ndizo zitabeba uzito wote. Mishono ikiachana sentimita 1 hadi 2 inatosha. Ikibanana zaidi, kichwa kinakuwa kizito na kufumua kunakuwa adhabu. Mkanda ukifika mwisho wa mstari mwambie msusi aukunje, asiukate, kwa sababu pale unapokatwa ndipo nywele zinapoanza kupukutika. Mstari wa mbele kabisa, ule wa kwenye paji la uso na kando ya masikio, usibebe mkanda. Nywele za hapo ni laini, na zikivutwa kila mara hukatika, mwishowe zinaacha kuota kabisa.

Paketi 2 zinajaza kichwa cha kawaida kwa urefu wa inchi 12 hadi 14. Ukipanda inchi 18 na kuendelea utahitaji 3. Hapo fikiria uzito kabla ya uzuri. Usiku wa kwanza ukishindwa kulala bila dawa ya maumivu, au ukiona vipele vidogo kwenye mizizi ya nywele za mbele, mistari imekazwa kupita kiasi. Usisubiri ilegee. Rudi ifumuliwe.

Kuiosha si shida: changanya shampuu na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, pitisha katikati ya mistari, suuza vizuri. Shida ni kukausha. Kaa kwenye draya mpaka mistari yenyewe ikauke, na hiyo ni karibu saa nzima, kwani mkanda wa juu hukauka mapema na kukudanganya. Nywele iliyofungiwa unyevunyevu kwenye joto la pwani hutoa harufu na kuwasha, na fangasi hupenda mahali kama hapo.

Siku ya kufumua, iwe wiki ya 6 na isivuke ya 8, inua mkanda kwa vidole mpaka uone uzi, kisha kata upande wa mkanda, si upande wa kichwa. Tumia mkasi mdogo wenye ncha. Kiwembe ni cha haraka, nakubali, lakini hakijui tofauti ya uzi na nywele. Uzi mweusi kwenye nywele nyeusi hauonekani, kwa hiyo naomba nishonewe kwa uzi wa kahawia au zambarau. Umefichwa chini ya mkanda, hakuna atakayeuona. Mikanda ikishatoka, fumua mistari kwa mkia wa kitana kuanzia nchani.

Halafu kuna kosa ninaloliona kila mahali: kukimbilia maji. Kwenye shina la kila mstari kuna kijiduara cha taka, mafuta na nywele zilizodondoka. Ukikilowesha kabla ya kukiachanisha, kinashikana kama sufu na utalazimika kukikata. Paka kondishona au mafuta ya nazi, kipasue kwa vidole, chana kwa chanuo la meno mapana kutoka nchani kwenda juu, ndipo uoshe. Na usiogope rundo litakalotoka. Kichwa hudondosha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Kwa wiki 6 ni 2,100 hadi 4,200 zilizokuwa zimenasa humo ndani. Angalia ncha: yenye kijivimbe cheupe kwenye mzizi imedondoka kwa wakati wake. Vipande vifupi visivyo na kijivimbe ndivyo vilivyokatika.

Wivingi ya gundi inamalizika kwa saa moja na ni rahisi mfukoni, na hapo sifa zake zinaishia. Gundi nyeusi ya kawaida ni ya mpira, kwa hiyo mwenye mzio wa mpira asiiguse kabisa. Wengine wajaribu tone nyuma ya sikio na kusubiri saa 48. Inapakwa kwenye mkanda, inaachwa mpaka inate kidoleni bila kuchuruzika, kisha inabandikwa walau sentimita 1 mbali na njia ya kichwa. Ikigusa ngozi inaziba na kuwasha. Jasho na mafuta huilegeza, ndiyo maana hapa Dar es Salaam wiki 2 ni nyingi. Ikilegea upande mmoja watu huvuta, na mkanda unaondoka na nywele za mwenyewe. Njia sahihi ni kulowesha mkanda kwa mafuta au dawa maalumu ya kutoa gundi, kuvaa mfuko wa plastiki kichwani dakika 20 hadi 30, kisha kuuviringisha taratibu. Ukikataa kutoka, ongeza mafuta, usiongeze nguvu. Mimi naikubali juu ya kofia ya wavu tu, tena gundi ikiwa chache, maana ikizidi hupenya wavu na kurudi palepale kichwani.

Krosheti imenishangaza kwa wema wake. Mistari 8 hadi 12, paketi 5 hadi 7 kutegemea ujazo, na sindano ya ndoano. Kila kifungu kinavutwa chini ya mstari kisha kinapigwa fundo. Mafundo ya mbele yapigwe mara moja, ya nyuma mara mbili. Wiki 4 hadi 6 zinatosha, kwani nywele za plastiki husokotana zikikaa zaidi. Kutoa: kwanza kata urefu wa nywele bandia ukibakiza kipande kifupi, kisha kata kila fundo upande wa nje na uvute kipande kitoke. Hatari ni moja, kukata mstari wako ukidhani ni fundo, kwa hiyo fanya mchana kwenye mwanga.

Tepu zimetengenezwa zikifikiria nywele nyembamba zilizonyooka. Vipande viwili vya nywele bandia vyenye tepu ya gundi vinabana tabaka jembamba la nywele zako katikati kama mkate, na saa 48 za kwanza hakuna maji wala mafuta. Zinatolewa kwa dawa yenye spiriti, ambayo hukausha nywele. Kwa kipilipili lazima upige pasi ya nywele mizizi kila inapoanza kujikunja, na moto huo utakugharimu zaidi ya tepu yenyewe. Siipendekezi.

Kwa sherehe ya siku moja chukua za klipu: chana kidogo kinyume pale mzizini ili kibanio kishike, kibane sentimita kadhaa chini ya njia, na uzitoe zote kabla ya kulala.