Wheel of Time: uishie kitabu cha 6 au ukomae mpaka cha 14?

Wasomaji wa Robert Jordan, mwandishi wa mfululizo huu wa riwaya za fantasia wenye vitabu 14, hawajawahi kuelewana kwenye hili. Wa kuacha wanasema kuanzia cha 7 au 8 mambo yanapoa, na kwa kweli wana pointi, maana mke wa Perrin, mmoja wa wahusika wakuu, anatekwa mwisho wa cha 8 na anakuja kuokolewa cha 11, na katikati hapo ni kambi, theluji na mipango tu, halafu cha 10 (kilitoka 2003) sehemu kubwa kinarudia muda uleule wa mwisho wa cha 9 ila kwa macho ya watu wengine, yaani unasoma kurasa mia kadhaa na stori haijasogea. Ukiacha cha 6 unabaki na vita vyake vya mwisho kichwani, ni pa kupumzikia pazuri.

Ila mimi niko upande wa kukomaa. Mwisho wa cha 9 peke yake unalipa uchovu wote, na cha 11 Jordan alirudi na kasi kabisa. Alifariki 2007 kabla hajamaliza, mkewe Harriet McDougal, aliyekuwa mhariri wake, akamchagua mwandishi Brandon Sanderson amalizie kwa noti alizoacha, vitabu vitatu, 2009 mpaka 2013. Wapo wanaosema mhusika Mat wa Sanderson siyo yule wa Jordan, na hapo nakubali, utani wake umebadilika. Lakini mhusika Egwene kwenye cha 12 jamani, usikose hiyo! Cha 10 kikikushinda soma muhtasari uruke, hakuna dhambi.